Kilele kimoja, majina mangapi? Njia za kromatografia ya gesi katika kuchambua michanganyiko ya haidrokaboni

Tuseme umegawa petroli ya chupa moja katika vichupa viwili, ukavipeleka maabara mbili. Ya kwanza inarudisha jibu kwamba aromatiki (misombo ya kaboni na haidrojeni yenye pete kama ya benzeni) ni asilimia 31, ya pili inasema ni 33. Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kwamba kuna aliyekosea. Huenda ikawa hivyo. Lakini mara nyingi hakuna aliyekosea: kila maabara imetumia njia yake ya kromatografia ya gesi, na kila njia ina namna yake ya kuamua kipi kiitwe aromatiki na kipi kisiitwe. Pengine hata mmoja ameandika asilimia kwa uzito na mwenzake kwa ujazo.

Watu huniuliza ni njia ipi iliyo bora kuliko zote. Swali hilo halina jibu, na anayelijibu haraka anakupotosha. Njia hizi zote hupata habari fulani kwa kutupa habari nyingine. Anayejua kilichotupwa ndiye anayeweza kuisoma namba iliyobaki.

Mbio zinazoanza pamoja

Kromatografia ilianza na rangi za majani. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tsvet, alipitisha mchujo wa majani katika mrija uliojaa unga wa chokaa, akaona rangi zikijitenga mkanda mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1941 Archer Martin na Richard Synge waliandika kwamba kinachotembea ndani ya mrija si lazima kiwe kimiminika. Gesi nayo ingefaa. Wazo hilo lilikaa miaka 11 bila kuokotwa, hadi Martin mwenyewe, safari hii akiwa na Anthony James, alipolitekeleza na kulichapisha mwaka 1952. Wakemia wa mafuta ya petroli walikuwa miongoni mwa waliolikumbatia mapema, kwa sababu tatizo lao lilikuwa hilohilo: vimiminika vyenye mamia ya vitu vinavyofanana.

Kifaa cha leo kina mrija mwembamba wa silika unaoitwa kolamu. Kipenyo chake cha ndani ni kama robo ya milimita, na urefu wake huanzia mita 30 hadi 100, umekunjwa kama koili ndani ya tanuri. Ukuta wa ndani umepakwa utando mwembamba, mara nyingi wa silikoni, wenye unene wa nusu mikromita au chini ya hapo. Marcel Golay ndiye aliyeonyesha, katika miaka ya 1957 na 1958, kwamba mrija mtupu uliopakwa utando hutenganisha vizuri zaidi kuliko mrija mnene uliojazwa unga.

Sampuli isiyofika hata mikrolita moja huingizwa kwenye chumba cha moto na kugeuka mvuke. Sehemu kubwa ya mvuke huo humwagwa nje kwa makusudi, na kiasi kama moja ya mia au moja ya mia mbili ndicho kinachoingia kwenye kolamu. Humo ndani gesi ya kubeba, yaani heliamu, haidrojeni au nitrojeni, husukuma kila kitu mbele. Molekuli ikiwa ndani ya gesi inasafiri. Ikizama kwenye utando inasimama. Zote zinaanza safari kwa pamoja, lakini zinazopenda kukaa kwenye utando zinachelewa kufika mwisho. Tanuri linapopandishwa joto polepole, hata zile nzito hulazimika kuamka na kuendelea.

Kwenye utando wa silikoni usio wa polari, yaani usio na ncha za chaji ya umeme, mpangilio wa kufika hufuata kwa ukaribu kiwango cha kuchemka: chepesi kwanza, kizito mwisho. Kwenye utando wa polari mambo hubadilika. Benzeni huchemka kwa nyuzi 80.1 za Selsiasi na sikloheksani kwa nyuzi 80.7, hivyo kwa mtu anayetenganisha kwa kuchemsha ni pacha. Lakini utando wa polari huishika benzeni kwa nguvu, na sikloheksani inafika zamani kabla yake. Jambo hili dogo ndilo msingi wa nusu ya njia nitakazozieleza.

Mwishoni mwa kolamu kuna kitambuzi. Kinachotumika zaidi kwa haidrokaboni ni kitambuzi cha mwali: haidrojeni inawaka kwenye hewa, kaboni inayopita kwenye mwali hutoa chembe zenye chaji, na umeme mdogo unapimwa. Ukichorwa dhidi ya muda, umeme huo hutoa kromatogramu, grafu ambayo kila kinachofika huonekana kama kilele. Kiligunduliwa karibu wakati mmoja katika sehemu mbili mbalimbali: McWilliam na Dewar kule Australia, na Harley, Nel na Pretorius huku Afrika Kusini. Uzuri wake ni kwamba karibu ni mashine ya kuhesabu kaboni. Hakioni maji, hakioni nitrojeni, na mwitikio wake hubaki ulionyooka kuanzia chembe hafifu hadi kiasi kikubwa mara milioni kadhaa.

Upofu wake ni huohuo. Kwake kaboni ni kaboni. Hakijui kama imetoka kwenye benzeni au kwenye parafini, haidrokaboni isiyo na pete wala kifungo maradufu. Kinachokuambia jina la kilele ni muda wake wa kufika, na muda ni shahidi anayeweza kukosea.

Hapa niseme kidogo kuhusu uzito na ujazo, maana ndipo ugomvi mwingi usio wa lazima unapozaliwa. Kitambuzi cha mwali hutoa jibu kwa uzito. Benzeni ina kaboni asilimia 92.3 ya uzito wake, heksani asilimia 83.6, kwa hiyo kiasi kilekile cha uzito hutoa ishara kubwa zaidi kwa karibu asilimia 10 kikiwa ni benzeni, na lazima hesabu irekebishwe. Ethanoli ni kinyume chake: kaboni iliyoshikana na oksijeni huchangia kidogo, na asiyerekebisha ataipunja. Baada ya hapo kuna msongamano. Kiwango cha Ulaya cha petroli, EN 228, kinataka benzeni isizidi asilimia 1 kwa ujazo. Msongamano wa benzeni ni kama 0.88 na wa petroli tuseme 0.74. Asilimia 1 kwa ujazo inakuwa karibu asilimia 1.2 kwa uzito. Mafuta yaleyale yamefaulu kwenye karatasi moja, na kwa msomaji asiye mwangalifu yameonekana kufeli kwenye nyingine.

Kwa nini kilele si kitu kimoja

Oktani, yenye kaboni 8 na haidrojeni 18, ina isoma 18, yaani namna 18 za kuunganisha atomu zilezile. Dekani, kaboni 10, ina 75. Ukifika kaboni 20, parafini peke yake zinaweza kupangwa kwa namna 366,319. Hapo hatujagusa olefini (zenye kifungo maradufu), nafteni (zenye pete isiyo ya aromatiki) wala aromatiki. Si kweli kwamba dizeli ina isoma hizo zote kwa kiasi cha kupimika, lakini zilizomo zinatosha kuijaza kolamu yoyote.

Mwaka 1983 Joe Davis na Calvin Giddings walifanya hesabu ambayo, kwa maoni yangu, kila anayeanza kazi hii angeisoma kabla ya kuwasha mashine. Walichukulia kwamba vitu vinafika kwa nasibu, kisha wakauliza ni vingapi vitajitenga. Walipata kwamba kromatogramu haitaonyesha zaidi ya asilimia 37 hivi ya vilele inavyoweza kubeba, na vilele vyenye kitu kimoja tu ndani yake havizidi asilimia 18 ya uwezo huo. Ukitaka uhakika wa asilimia 90 kwamba kitu unachokitafuta kimesimama peke yake, kromatogramu inatakiwa iwe tupu kwa takriban asilimia 95.

Kwa maneno mengine, kolamu inayoweza kubeba vilele elfu moja haitakutenganishia vitu elfu moja. Njia zote zinazofuata ni majibu tofauti kwa tatizo hili moja.

Jibu la kwanza: kolamu ndefu na subira

Uchambuzi wa kina wa haidrokaboni ni njia ya mtu anayetaka majina. Unachukua kolamu ya mita 100 isiyo ya polari, unaanza tanuri likiwa baridi, karibu na nyuzi 0 au 5, kisha unalipandisha polepole kwa muda wa saa mbili au zaidi. Viwango vya ASTM, shirika la viwango lenye makao Marekani, vinavyotawala hapa ni D6729 na D6730, pamoja na D6733 kwa kolamu ya mita 50. Kinachotoka ni msururu wa vilele mamia kadhaa, na kila kimoja kinapewa jina kwa kulinganisha muda wake na jedwali.

Jedwali hilo linategemea wazo la Ervin Kováts la mwaka 1958. Badala ya kukariri dakika, ambazo hubadilika kila kolamu ikikatwa kidogo au gesi ikiongezwa kasi, parafini nyoofu zinafanywa kuwa nguzo za maili: heksani ni 600, heptani 700, oktani 800. Kitu kinachofika katikati ya heksani na heptani kinapewa namba kati ya 600 na 700. Namba hiyo husafiri vizuri kutoka kifaa hadi kifaa. Vizuri, lakini si kikamilifu, kwa sababu aromatiki na parafini haziitikii joto kwa namna moja. Badilisha kasi ya kupandisha tanuri, nazo zinaanza kupishana.

Kupishana huko kuna sura zake maarufu. Benzeni hufika ikigusana na 1-methilisiklopenteni. Tolueni inakaribiana mno na 2,3,3-trimethilipentani. Para-zaileni inasongamana na 2,3-dimethiliheptani, na meta-zaileni na para-zaileni zenyewe hazitengani kabisa kwenye silikoni ya kawaida. Viwango vyao vya kuchemka vinaachana kwa chini ya nyuzi moja. Tazama jozi hizo kwa makini: karibu kila moja ina aromatiki upande mmoja na kitu kisicho aromatiki upande mwingine. Kosa dogo la kugawa kilele halibadilishi jina moja tu. Linahamisha uzito kutoka kundi hadi kundi. Ndiyo maana D6730 huongeza kipande kifupi cha kolamu chenye upolari kidogo mbele ya ile ndefu, na fundi hukikata sentimita kwa sentimita hadi benzeni na tolueni zisimame mahali pake. Ni kazi ya mkono, na inachosha, lakini nimejifunza kuiamini maabara inayoifanya.

Udhaifu mkubwa wa njia hii ni olefini. Hadi kaboni 7 zinatambulika. Zaidi ya hapo zinajificha miongoni mwa parafini zenye matawi. Kwenye petroli yenye olefini nyingi, zaidi ya takriban robo ya uzito, majina yaliyo upande wa kulia wa kromatogramu yanapaswa kusomwa kama makisio. Programu ya kompyuta haitakuambia hivyo. Itaandika jina kwa kila kilele, kwa herufi zilezile na kwa uhakika uleule, iwe inajua au inabahatisha. Hiyo ndiyo hatari ninayoiogopa kuliko zote katika kazi hii.

Hata hivyo, mtu anayetaka kukisia namba ya oktani kutokana na viambato, au anayefuatilia jinsi kichocheo cha kiwandani kinavyobadilisha molekuli moja kuwa nyingine, hana budi kupata majina. Kwake saa hizo mbili si hasara.

Jibu la pili: mitego

Kuna anayesema: sihitaji majina, nataka makundi. Parafini nyoofu, parafini zenye matawi, olefini, nafteni, aromatiki. Kila kundi limegawanywa kwa idadi ya kaboni. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilifanywa kwa mrija wa kioo uliojazwa jeli ya silika pamoja na rangi zinazong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Fundi alipima kwa rula urefu wa kila ukanda. Kiwango chake, D1319, kimetumika kwa miongo mingi, lakini kinatoa makundi matatu tu na kinategemea jicho.

Mfumo wa mitego, unaoelezwa na D6839 na ISO 22854, hufanya jambo la werevu zaidi. Sampuli hupita kwenye kolamu na mitego kadhaa iliyounganishwa kwa valvu. Kuna mtego unaoshika alkoholi na vitu vingine vyenye oksijeni. Kuna kolamu ya polari inayochelewesha aromatiki. Kuna mtego wenye fedha, madini yanayopenda kifungo maradufu cha olefini, unaozizuia huku vingine vikiendelea. Zilizobaki huingia kwenye ungo wa molekuli aina ya 13X, ambao hutenganisha nafteni na parafini kwa idadi ya kaboni. Baadaye joto hupandishwa, olefini zinaachiliwa, zinapitishwa kwenye platini pamoja na haidrojeni ili zijazwe, kisha nazo zinapimwa kama parafini na nafteni. Kila mtego unafungua na kufunga kwa zamu yake, na kwa petroli kazi yote huchukua takriban saa moja.

Angalia kilichotupwa: majina. Hutajua ni olefini ipi ya kaboni 6, utajua tu ziko kiasi gani. Kilichopatikana ni kwamba utambuzi hautegemei tena muda peke yake, bali kemia. Kitu kimeitwa olefini kwa sababu fedha imekishika. Hapo ndipo njia hii inapoishinda kolamu ndefu kwenye petroli yenye olefini nyingi.

Lakini mitego huchoka. Ule wa olefini ukizeeka huanza kupitisha baadhi, au kinyume chake, kushika kwa nguvu kupita kiasi na kutoachilia zote. Matokeo hayapigi kelele. Yanateleza kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Asiyepima sampuli ya udhibiti kila siku hataona chochote hadi tofauti iwe kubwa. Tena njia hii imewekewa mpaka: mafuta yanayochemka zaidi ya nyuzi 215 hivi hayamo. Usiipe dizeli.

Jibu la tatu: kutojali kabisa ni nini

Ukenekaji wa kuiga unaachana na majina na makundi pia. Swali lake ni moja: asilimia ngapi ya mafuta inachemka kabla ya joto fulani? Kwa kuwa kolamu isiyo ya polari inapanga vitu kwa kiwango cha kuchemka, unahitaji tu kupitisha mchanganyiko wa parafini nyoofu ambazo viwango vyake vinajulikana, ukachora mstari wa kugeuza muda kuwa joto, kisha ukajumlisha eneo la kromatogramu kipande kwa kipande. Vilele vikipandana, hakuna hasara. Jumla ni ileile.

D2887 inashughulikia mafuta yanayoishia nyuzi 538, yaani hadi karibu kaboni 44. D7096 ni ya petroli. D7169 ni ya mafuta ghafi, kwa kolamu fupi zinazovumilia joto kali, na hufika nyuzi 720, eneo la kaboni 100. Katika mafuta ghafi kuna sehemu isiyotoka kabisa kwenye kolamu, hivyo asilimia haziwezi kuhesabiwa kwa kudhani kwamba kilichotoka ndicho kilichoingia. Lazima kulinganishwa na kitu ambacho kiasi chake kinajulikana.

Wengi hushangaa matokeo haya yasipolingana na ya ukenekaji wa kweli wa D86, ambao huchemsha mililita 100 kwenye chupa. Yasilingane, na hayapaswi kulingana. Chupa ya D86 hutenganisha kwa ulegevu. Kilicho chepesi hubaki kimechanganyika na kizito. Kolamu hutenganisha kwa ukali, kwa hiyo mwanzo wake huwa chini zaidi na mwisho wake juu zaidi. Kuna pia dosari ya kimaumbile: aromatiki zenye pete nyingi hutoka kwenye kolamu mapema kuliko kiwango chao cha kuchemka kinavyodai. Kadiri mafuta yanavyokuwa na pete nyingi, ndivyo mchoro unavyoyafanya yaonekane mepesi kuliko yalivyo.

Kubadilisha shahidi

Njia nyingine ya kutatua vilele vilivyopandana ni kuacha kolamu ilivyo na kuleta kitambuzi kinachoona zaidi ya kaboni.

Spektrometa ya tungamo huvunja molekuli kwa elektroni za nguvu 70 eV na kupima uzito wa vipande. Parafini huacha alama za 57, 71 na 85. Alkilibenzeni huacha 91. Kwa kufuatilia namba moja tu unaweza kuliona kundi moja ndani ya msitu. Wanaotafuta chanzo cha mafuta yaliyomwagika baharini hufuata 191 kwa hopani na 217 kwa sterani, molekuli za kale zisizooza upesi ambazo uwiano wake hutofautiana kisima kwa kisima. Katika kutambua, hakuna kinachoifikia. Katika kupima kiasi, inasumbua: kila kitu huitikia kwa kiwango chake, na bila viwango vya kulinganishia huwezi kugeuza eneo kuwa asilimia kwa uaminifu. Zaidi ya hapo, isoma hutoa picha zinazofanana. Zaileni tatu ni kama sura moja iliyopigwa mara tatu, na parafini zenye matawi si tofauti sana.

Kitambuzi cha urujuanimno cha ombwe kinapima mwanga unaofyonzwa, kuanzia nanomita 125 hivi. Katika eneo hilo kila haidrokaboni hufyonza, na kila kundi lina umbo lake la kufyonza. Kwa kuwa mifyonzo inajumlishwa kwa kanuni inayojulikana, kilele chenye vitu viwili kinaweza kuchambuliwa kwa hesabu: sehemu hii ni tolueni, ile ni trimethilipentani. Isoma zinazoishinda spektrometa ya tungamo, zaileni zikiwemo, hapa hutofautiana. D8071 hutumia kolamu ya mita 30 na hupata makundi ya petroli kwa dakika 34 hivi, bila mitego wala valvu. Naona ni maendeleo ya kweli. Ila tukumbuke kwamba kazi imehamishwa kutoka kwenye chuma kwenda kwenye maktaba ya spektra; kitu kisichomo kwenye maktaba kitafananishwa na jirani yake wa karibu.

Vipo pia vitambuzi vinavyoona kipengele kimoja. Kile cha salfa, kinachotegemea mwanga wa mmenyuko wa kemikali, huona miligramu chache za salfa kwa kila kilo huku haidrokaboni zote zikiwa giza. Kiwango chake ni D5623. Hakipimi mafuta, kinapima doa ndani ya mafuta, na kwa swali hilo kinatosha.

Mhimili wa pili

Mwaka 1991 Zaiyou Liu na John Phillips walichapisha wazo ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote katika historia ya fani hii. Badala ya kurefusha kolamu, waliongeza nyingine yenye tabia tofauti, wakahakikisha kila kinachotoka kwenye ya kwanza kinapita kwenye ya pili.

Kolamu ya kwanza ni ya kawaida, isiyo ya polari. Mwishoni mwake kuna kifaa kinachokusanya kinachotoka kwa sekunde chache, kati ya 2 na 8, kisha kukirusha kwa mkupuo mmoja mwembamba kwenye kolamu ya pili, fupi, ya mita moja au mbili, ya polari. Hiyo inatakiwa imalize kutenganisha kabla mkupuo unaofuata haujaja. Kukusanya kunafanywa kwa baridi kali, mara nyingi ya nitrojeni kimiminika, au kwa valvu zinazogeuza mkondo wa gesi. Vilele vya mwisho vina upana wa sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo kitambuzi lazima kiandike mara mia hivi kwa sekunde. Kisicho na kasi hiyo kitavunja vilele na kuharibu hesabu.

Vipande hivyo vikipangwa ubavu kwa ubavu, kromatogramu inakuwa ramani. Mhimili wa kwenda kulia ni kiwango cha kuchemka, wa kupanda ni upolari. Dizeli, ambayo kwenye kolamu moja ni kilima kisicho na umbo, hapa inafunguka kuwa mikanda: parafini chini kabisa, nafteni juu yake kidogo, aromatiki za pete moja juu zaidi, kisha za pete mbili, kisha tatu. Ndani ya kila mkanda isoma zenye idadi moja ya kaboni hujipanga kimshazari kama vigae vya paa. Mtu anaweza kutaja kundi la kitu asichokijua jina, kwa sababu tu kimekaa mtaa fulani wa ramani. Mpangilio ambao Davis na Giddings waliudhania kuwa wa nasibu hapa unapata utaratibu, maana kemia yenyewe ina utaratibu.

Kwa dizeli na mafuta ya ndege sioni mshindani. D8396 imeiingiza njia hii, kwa mfumo wa valvu na kitambuzi cha mwali, katika kazi ya kila siku kwa vimiminika vinavyochemka kati ya nyuzi 36 na 343. Kwa petroli nyepesi faida hupungua: olefini na nafteni hukaa karibu mno kwenye ramani, na mpaka kati yao ni suala la nani ameuchora. Huo mpaka ndio sehemu ya kuuliza maswali. Kwenye njia ya mitego, fedha huamua olefini ni nini. Hapa huamua mtu mwenye kipanya mkononi. Mkanda mmoja ukisogezwa kidogo, asilimia inahama.

Kabla ya kuchagua

Anayenunua mafuta na kutaka kujua kama yanatimiza sheria hatumii njia anayoipenda. Anatumia iliyotajwa kwenye sheria hiyo. Anayetaka benzeni peke yake hahitaji saa mbili za kolamu ndefu: kuna njia zinazotumia kolamu ya polari sana mbele, zikaondoa visivyo aromatiki, kisha zikageuza mkondo na kupima aromatiki safi, kama D5580. Mwenye kiwanda anayetaka kujua mnara wake unakata wapi anahitaji ukenekaji wa kuiga. Mtafiti wa mafuta mapya yaliyotokana na mimea au plastiki, ambayo hayajafahamika bado, aanze na ramani ya mihimili miwili akiwa na spektrometa ya tungamo, maana njia nyingine zote zinadhani tayari zinajua kilichomo.

Na kuna makosa yanayotokea kabla sampuli haijagusa kolamu, ambayo hakuna njia inayoweza kuyarekebisha. Petroli ina butani, inayochemka chini ya nyuzi 0, na pentani, inayochemka kwa nyuzi 36. Kichupa kikiachwa mezani bila kupozwa, mpira wake ukiwa umetobolewa na sindano mara tatu, vyepesi vinaondoka na kila kilichobaki kinaongezeka kwa asilimia bila kuongezeka kwa kweli. Upande wa vizito nako, chumba cha kugeuza mvuke kisipokuwa na joto la kutosha, sindano huacha nyuma sehemu ya mafuta mazito, na sampuli inayoingia si ile iliyokuwa kwenye kichupa.

Kwa hiyo zile maabara mbili za mwanzo, yenye 31 na yenye 33, nisingeziuliza kwanza zimetumia mashine gani. Ningeuliza kichupa kilikaa kwenye baridi au mezani. Kisha ningeuliza kama namba ni ya uzito au ya ujazo. Kisha, kama zimetumia kolamu ndefu, ningeomba kuona kilele cha tolueni kwa karibu, pale upande ambapo 2,3,3-trimethilipentani hujificha.